Aliyeliliwa Akiwa Hai

Kinondoni, Dar es Salaam
3 Machi 2025

Mwalimu Ntandu,

Shikamoo. Naandika kwa mkono, kwa wino wa bluu, nikiacha pambizo upande wa kushoto, kwa kuwa najua barua hii itarudi kwangu na alama zako nyekundu kama zilivyorudi nyingine zote tangu nilipoondoka Tukuyu. Wenzangu hapa hunicheka: simu ninayo, nawe simu unayo, na bado barua zetu husafiri kwenye buti la basi pamoja na mikungu ya ndizi. Nawajibu kwamba mwalimu wangu hapokei habari isiyo na tarehe.

Habari yenyewe ni hii: nimepewa filamu. Safari hii siigizi, naongoza. Ni filamu ndefu, ya kwanza iliyo yangu kuanzia mswada hadi picha ya mwisho, nami nitaipigia Masoko, kwetu, kwa wiki tatu za Juni, mvua zikishakatika. Njia niliyopita unaijua kuliko mtu yeyote. Nilikuwa na miaka tisa Bwana Ackson alipokuja Rungwe na kamera zake, akanichagua katika darasa lako la tatu. Nikalia pale Nkunga, nchi nzima ikalia pamoja nami, na kwa miaka mitano kila aliyehitaji mtoto wa kulia aliniita mimi. Kisha nikarefuka. Nilipofika kumi na sita hakuna aliyenitaka tena mbele ya kamera, basi nikaomba kukaa nyuma yake. Nikapewa daftari niandike kikombe kilikuwa mkono gani na kifungo kipi kilikuwa wazi, ili tukio likirudiwa kesho lisipingane na la jana. Kazi hiyo niliiweza kuliko wote, nawe unajua ni nani aliyenifundisha kutazama hivyo. Baada ya daftari nikawa msaidizi wa waongozaji kwa miaka saba, nikapiga filamu mbili fupi. Sasa hii.

Kisa chake ni chepesi. Mtoto anayelelewa na bibi yake anapewa habari kwamba bibi amefariki. Filamu nzima inasimama juu ya tukio hilo moja. Likianguka, hakuna filamu. Mtoto nimempata huko huko Nkunga. Anaitwa Gift, ana miaka tisa, naye kweli analelewa na bibi yake, Bibi Esnath. Anaongea, anacheza, hakuna anayeweza kumtazama mtu mwingine yeye akiwapo. Lakini halii. Nilimjaribu siku mbili mwezi uliopita; alinitazama kwa upole, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

Kwa hiyo nakuuliza jambo ambalo sijawahi kukuuliza. Siku ile ya Nkunga ulinichukua kando, nyuma ya migomba, ukaniambia maneno. Nikarudi mbele ya kamera nikalia. Bwana Ackson nilimuuliza miezi michache kabla ya kifo chake, alicheka, akasema, “Muulize mwalimu wako.” Basi nakuuliza. Uliniambia nini?

Mwanafunzi wako,
Lightness Mwaijande

*

Tukuyu
14 Machi 2025

Mwanangu Lightness,

Marahaba. Barua yako nairudisha pamoja na hii. Makosa ni matatu, na mawili kati yake ni ya haraka, si ya kutojua. Mtu anayeongoza watu arobaini hana ruhusa ya haraka.

Nimefurahi. Neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika, na nimeona linatosha. Mke wangu Marietha amefurahi kwa sauti kubwa zaidi: kabla sijafika ukurasa wa pili alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wawili na muuza maziwa.

Kuhusu swali lako, miaka kumi na tisa ni mingi, na sipendi kutoa ushahidi wa jambo nisilolikumbuka kikamilifu. Nadhani nilikuambia maneno ambayo mwalimu yeyote humwambia mtoto ili atulie na kuizingatia kazi yake. Kipaji kilikuwa chako. Kwa Gift, nakushauri umpe muda. Msomee kisa polepole. Mwache ashike kitenge cha bibi anayeigizwa, akinuse, akikunje. Vitu humfundisha mtoto kuliko maelezo. Iwapo yote yatashindikana, kipo kitunguu, ambacho hakijawahi kumdhuru mtu.

Mvua huku haijapumua tangu Jumatatu. Chai inachipua, barabara ya Lupepo imekatika tena.

Mwalimu wako,
Hezron Ntandu

*

Kinondoni
29 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Makosa matatu nimeyaona na nimeyakubali. Kitunguu nimekikataa. Kamera ya leo huona kila kitu. Jicho linalowashwa na kitunguu hupepesa, jicho lenye huzuni hutulia.

Nilirudi Nkunga wiki iliyopita. Kitenge tulimpa Gift. Alikinusa, akasema kimekaa kabatini muda mrefu, akakikunja vizuri sana na kuniuliza kama tunakula saa ngapi. Mtayarishaji wetu, Hosea, ndiye anayeshika ratiba, naye ana ufumbuzi wake. Alinivuta pembeni akaniambia, “Dada Laiti, mwambie bibi yake amefariki. Dakika kumi tu. Akishalia tunamwambia ukweli, tunampa soda, jioni yuko kwao anaruka kamba.” Sijamkubalia. Sijamkatalia pia. Nimemwambia nitafikiri, na ninafikiri.

Kuna jambo jingine. Kabla ya tukio la kilio nataka watazamaji wacheke kidogo, na nimefikiria kile kisa cha kwetu, siku Masoko yote ilipomlilia bibi yangu Ikupa akiwa hai. Unakikumbuka, ilikuwa siku ile ile. Jenifer, aliyekuwa akiwapikia chai watu wa Bwana Ackson, alidandia gari la maziwa kutoka Nkunga akapiga kelele njia nzima kwamba Bibi amefariki. Watu wakaacha majembe, kwa sababu kwetu hakuna anayelima jirani akiwa hajazikwa. Wanawake wakaanza kilio wakiwa bado barabarani, wanaume wakabeba kuni, kila nyumba ikatoa ndizi na unga. Wakafika uani wakamkuta marehemu anaanika kahawa. Mpaka leo Jenifer anaitwa Redio. Yeye hushikilia kwamba aliisikia habari hiyo kwa masikio yake mwenyewe, na hajapata mtu wa kumwamini. Je, nikitie kwenye filamu?

Na lile swali langu la kwanza bado lipo mezani.

Lightness

*

Tukuyu
6 Aprili 2025

Mwanangu Lightness,

Usimruhusu Hosea. Sisemi hivi kwa kukisia. Jambo analokushauri nilikwisha kulifanya, na niliyemfanyia ni wewe.

Katika barua yangu iliyopita niliandika kwamba sikumbuki kikamilifu. Huo ulikuwa uongo, na ni wa pili kukuambia. Wa kwanza nauandika hapa kwa ukamilifu.

Ilikuwa siku ya tatu ya tukio lile. Ulikuwa umejaribu mara kumi na moja, nilihesabu. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani, na Bwana Ackson alisema kwamba mwanga ukipotea hakutakuwa na siku ya nne. Akaniambia, “Mwalimu, mimi hataniamini. Wewe atakuamini.” Kwa sababu hiyo hiyo ilinipasa kukataa, nami nilikubali. Nilikuchukua nyuma ya migomba, nikainama, nikakuambia: “Lightness, Bibi yako ametutoka alfajiri.” Ulinitazama usoni kwa muda ambao hadi leo siwezi kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha ukageuka ukaenda mahali pako, ukalia. Watu wakapiga makofi. Bwana Ackson akakubeba juu.

Nilikusudia kukuambia ukweli baada ya dakika chache. Sikukuambia. Jioni nilikupeleka Masoko, ukamwona Bibi, ukamkimbilia. Nikajiambia kwamba macho yako yamekueleza kila kitu na maneno yangu hayahitajiki tena.

Sasa Jenifer. Alikuwa nyuma ya migomba ile ile, akiosha vikombe. Aliisikia habari kwa masikio yake mwenyewe, kama anavyosema siku zote, naye akafanya kile ambacho mtu mwema wa Masoko hufanya: alikwenda kuwaita watu. Walipoulizana uvumi umeanzia wapi, wakasema ni kwa Jenifer. Baadhi yao walinigeukia mimi. Sikuthibitisha wala sikukanusha. Mwalimu hashukiwi uongo mahali palipo na mtu wa kuosha vikombe, nami nilijificha nyuma ya desturi hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Mtu mmoja tu nilimwambia. Jioni ile ile, watu walipokuwa wakila chakula cha msiba wake, nilimwendea bibi yako nikakiri. Alinisikiliza huku akiendelea kuchagua kahawa. Akasema: “Siku mtoto atakapokuuliza, umjibu. Mimi sitakusaidia.” Hukuuliza. Ukaenda sekondari, ukaenda Dar es Salaam, ukaandika barua mia moja na kumi na mbili, na hukuuliza. Mwezi uliopita uliuliza, nikakujibu kwa kitunguu.

Najua kazi yako yote umeijenga juu ya siku ile, ukiamini kwamba machozi yalikuwa yako. Nimekuondolea msingi wakati nyumba imefika kwenye paa. Sikuombi unisamehe kwa posta inayofuata. Nakuomba tu usimfanyie Gift.

H. Ntandu

*

Tukuyu
12 Mei 2025

Lightness,

Wiki tano. Kila Jumanne na Ijumaa huenda ofisi ya mabasi. Yule binti wa kaunta sasa hutikisa kichwa nikiwa bado ng’ambo ya barabara, ili kuniokolea hatua.

Siandiki kukuharakisha. Naandika kukujulisha kwamba Jumapili ijayo nitakwenda Masoko. Kuna mtu wa pili ninayepaswa kumjibu, ambaye hana haja ya kuuliza, kwa kuwa jibu amekuwa nalo muda wote.

Marietha anakusalimu. Hajui kwa nini sili, anadhani ni meno.

H. N.

*

Masoko
19 Mei 2025

Mjukuu wangu Lightness,

Hujambo, mama. Mimi bibi yako Ikupa ni mzima, miguu tu ndiyo haitaki tena kupanda. Ninayesema ni mimi, anayeandika ni Jenifer, kwa sababu wajukuu wote wamekwenda shule na yeye mwandiko wake unasomeka. Nimemwambia aandike ninavyosema asiongeze yake.

(Shikamoo zako nimezipokea mapema. Mimi Jenifer nitaongeza kidogo tu.)

Jana Mwalimu amekuja kanisani kwetu. Tumeimba, tumesali, matangazo yamesomwa, mzee Yohane akauliza kama kuna mwenye tangazo jingine. Mwalimu akasimama. Alikuwa na karatasi, mama, ameiandika na tarehe juu, kama barua ya serikali. Akasoma yote. Kwamba uongo ule wa mwaka ule ulitoka kinywani mwake, kwamba Jenifer alisema alichokisikia, kwamba yeye alinyamaza akamwachia mwenzake jina baya. Hakulia, hakujipamba. Akakunja karatasi akabaki amesimama, kama mtoto anayengoja fimbo.

Nikasikia mbuzi wa mchungaji kule nje.

(Mimi nilitoka. Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, niliyaweka miaka yote, lakini nilipofika nje sikuyaona. Nikarudi ndani, nikasimama mbele yake, nikamwambia: “Mwalimu, miaka kumi na tisa nimekuwa Redio. Leo naihamishia kwako, na betri zake.” Watu wakacheka mpaka mzee Yohane akagonga meza. Mwalimu akasema, “Naipokea.” Leo asubuhi, alipokuwa anangoja gari la kurudi Tukuyu, watoto wamemwita Redio pale njia panda, akaitika.)

Sasa nisikilize. Mimi nilijua. Alikuja akaniambia siku ile ile, nami nikanyamaza. Nilikuwa naona ni mchezo. Niliona watu wamekula, wamecheka, na mimi kuni za msiba wangu zilinitosha hadi Krismasi. Sikuwaza kwamba kuna mtu anabeba mzigo. Hili namwambia Jenifer sasa hivi hapa, akiandika.

(Hapa niliweka kalamu chini kidogo. Tumekunywa chai. Sasa tunaendelea.)

Mwalimu alikula ndizi moja tu, nyingine akazipanga kando ya sahani kama madaftari. Suruali imemlegea. Mjibu huyo mtu. Ukitaka kumtukana, mtukane, lakini iwe kwa barua, maana simu anaiogopa. Kama ni mimi uliyenililia bure, mimi nimeshasema ndaga fijo, asante sana: wengi hufa bila kujua wataliliwa na nani, mimi niliwahesabu nikiwa nimesimama.

Bibi yako,
Ikupa

(Na Jenifer, aliyeandika. Ukikitia kile kisa kwenye filamu, nitafutie dada mwenye sura nzuri wa kuniigiza.)

*

Kinondoni
27 Mei 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili nimeisoma mara nyingi kuliko mswada wangu. Sasa nami nina ushahidi wa kutoa, nao una tarehe.

Asubuhi ile ya mwaka 2006, nilipokuwa nalala kwenu kwa ajili ya filamu, wewe ulikuwa bafuni unanyoa ndevu. Yona, aliyekuwa akileta ndizi za Masoko sokoni kwa pikapu, aligonga mlango wa uani akanipa kifurushi cha jani la mgomba. “Bibi yako amenisimamisha barabarani kumekwisha kucha,” akasema, “anasema mtoto wake wasimlishe mkate mtupu.” Zilikuwa ndizi za kuchoma, bado za moto. Nilikula mbili. Ya tatu nikaitia mfukoni mwa sweta, nikaenda nayo Nkunga.

Uliponiambia Bibi ametutoka alfajiri, mkono wangu ulikuwa juu ya ile ndizi.

Nilijua, Mwalimu. Nilijua kabla hujamaliza sentensi. Nilikutazama muda ule ambao hujui urefu wake kwa sababu nilikuwa natafuta usoni mwako ni kitu gani kimekupata. Ulikuwa umejikata chini ya taya ulipokuwa unanyoa, na kidevu chako kilikuwa kinatetemeka. Wewe uliyekataa kumwongezea alama mbili mtoto wa diwani, wewe uliyetusimamisha mstarini ukatuomba radhi kwa kuchelewa dakika nne. Nikaona wamekulazimisha. Nikaona kwamba nisipolia, watakufanyia jambo baya. Nikaenda nikalia.

Sikumlilia Bibi. Nilikulilia wewe.

Kwa hiyo msingi wa nyumba bado upo. Siku ile kulikuwa na mwigizaji mmoja nyuma ya migomba, na hukuwa wewe.

Kwa nini nilinyamaza miaka yote? Mwanzo nilikuwa nakutunzia siri. Baadaye, nikiwa msichana, nilikuwa na hasira, nikaapa sitauliza mpaka useme mwenyewe. Kisha tukazoea, wewe huko, mimi huku, na kalamu nyekundu katikati. Utakumbuka kwamba Machi sikusema nimesahau. Niliuliza tu uliniambia nini. Nilishangaa hukuliona hilo, wewe unayeona mkato ulioachwa.

Lakini wiki zile saba za kimya hazikuwa za kukuadhibu. Zilikuwa za Jenifer. Mimi pia nilijua kwamba uvumi haukuanzia kwake. Nilikuwa mtoto pekee Masoko aliyejua. Na walipoanza kumwita Redio, niliita pamoja nao, nikicheka. Mwezi Machi, nikiwa na miaka ishirini na minane, nilikuandikia kisa chake kama kichekesho cha filamu. Uliposimama kanisani ulitaja kosa lako peke yako. Nikifika Masoko nitasimama mahali pale pale, na karatasi yangu.

Hosea nimemkatalia. Gift hataambiwa uongo wowote. Na kama halii, asilie. Nimetambua kwamba kwa miezi minne nimekuwa nikiielekeza kamera kwa mtu asiyepaswa kutazamwa. Tukio lile si la mtoto. Ni la mtu mzima anayeleta habari. Nataka mtu huyo awe wewe. Utavaa koti lako la kijivu, utainama, utasema maneno yale yale. Ila safari hii kila mtu atajua ni mchezo, na Gift atakuwa wa kwanza kujua.

Na ombi la pili, ambalo halihusu filamu. Bibi ana miaka themanini na mitatu. Siku ile itakuja. Sitaki kuisikia kwa simu, wala kwa shangazi, wala kwa binti wa ofisi ya mabasi. Nataka kuisikia kwako, kwa sababu ni wewe tu ambaye sura yako, ikisema uongo, naijua.

Mwanao,
Lightness

*

Tukuyu
2 Juni 2025

Mwanangu,

Barua yako sikuirudisha. Ilikuwa na makosa mawili. Nimeyaacha.

Mara tatu nimeandika jibu la kukataa. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka sitini na saba, mzaliwa wa Singida niliyeletwa huku na barua ya uhamisho. Sijawahi kuigiza, isipokuwa mara moja, na unaeleza kwa usahihi kwamba niliigiza vibaya. Nilimsomea Marietha lile jibu la tatu. Akasema, “Wewe nenda. Kama ni aibu, umeshaimaliza kanisani.”

Nitakuja, kwa sharti moja lisilojadiliwa. Bibi Esnath aletwe kutoka Nkunga siku hiyo, akae kwenye kiti kando ya kamera, mahali ambapo Gift atamwona kila atakapotaka kumwona, tangu mwanzo hadi mwisho. Asifichwe hata kwa sekunde moja. Kiti kiwe chenye mgongo.

Na kwa ombi lako la pili: ndiyo.

H. Ntandu

*

Kinondoni
4 Agosti 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka chumba cha uhariri, ambako uso wako uko ukutani mbele yangu, mkubwa kama mlango, tangu Jumatano.

Uliondoka Masoko haraka baada ya tukio, kabla ya Jumapili niliyosoma karatasi yangu kanisani na kabla sijakueleza tulichokipata, na Bibi aliniambia nikuache uende. Basi nikueleze sasa. Umesimama mbele ya Gift. Umeinama. Unaanza, “Gift, Bibi yako…” na sentensi haiendelei. Kidevu kile kile. Kwenye mswada ulikuwa na maneno matano, umesema matatu. Wote tulikuwa tumesimama, na mpiga picha wangu, ambaye hajawahi kuguswa na kitu, alikuwa anapumua kwa mdomo. Kisha Gift, bila ya kuambiwa na mtu, ananyoosha mkono, anakushika kidole kimoja.

Kinachofuata wewe unakijua. Anageuka, ananyoosha mkono mwingine kuelekea kwenye kiti, anasema kwa sauti ya kuaibika kwa niaba yako: “Mwalimu, usilie. Bibi si yule pale?”

Hosea aliruka. Alisema mtoto ameharibu. Nami pale nilicheka na kulia kwa pamoja, ukanisikia. Hapa uhariri nimekata kabla hajageuka: mkono umeshika kidole, midomo inaanza kufunguka, giza. Watazamaji hawatajua alitaka kusema nini. Kila aliyeona kipande hicho ameomba nikirudie. Hosea ameomba radhi, kwa kicheko lakini ameomba.

Kile kipande kilichokatwa nimekutumia kwenye simu ya Jenifer, maana yako huifungui. Kitazameni wote watatu, pamoja na Bibi. Kisha uniambie kwa uaminifu kama nimekata mahali sahihi.

Lightness

*

Tukuyu
17 Agosti 2025

Mwanangu Lightness,

Bibi yako ni mzima. Nimemwona kwa macho yangu jana Jumamosi, saa nne asubuhi, Masoko. Alikuwa amekaa mlangoni, anamenya ndizi, na aliniambia nimenenepa.

Tulikitazama kipande kile kwenye simu ya Jenifer mara tatu. Mara ya kwanza nilitazama chini. Mara ya pili Jenifer alisema, “Redio imekwama,” na Bibi akampiga begani kwa ganda. Mara ya tatu niliweza. Bibi aliomba irudiwe sauti ya mtoto peke yake, kisha akasema angekuwapo Gift mwaka ule, yeye asingepata kuni.

Umekata mahali sahihi. Sina la kusahihisha.

Kuanzia leo kila barua yangu kwako itaanza kama ilivyoanza hii, na sitaandika sentensi hiyo pasipo kwanza kupanda gari la Masoko nikahakikisha. Siku utakapofungua barua yangu ukaiona imeanza kwa maneno mengine, usiendelee kusoma umesimama. Tafuta kiti kwanza, chenye mgongo, ukae. Mimi mwenyewe nitakuwa njiani kuja, na nitakuambia usoni.

Mwalimu wako,
Hezron Ntandu